Nyayo Kwenye Tuta la Papoila

Asiyejua atasema mimi Ancha niligombana na mtaa mzima kwa ajili ya maua. Mwache aseme. Msimu wote wa baridi niligombana na kuku, na mbuzi, na Lurdes mwenye mbuzi, na askari, na kila aliyechungulia juu ya wigo wangu akataka kujua kwa nini mwanamke mzima anamwagilia majani yasiyolika. Aliyeuliza kwa adabu nilimjibu. Aliyeuliza kwa kejeli nilimwambia akachungulie kwao.

Maua yenyewe yanaitwa papoila. Ni mekundu sana, nayo ni mepesi kama karatasi ya sigara. Ua linafunguka asubuhi, na upepo wa bahari ukivuma kwa nguvu mchana unalipukutisha siku hiyo hiyo. Si maua ya pwani yetu. Mbegu zilitoka juu mlimani, Mueda, kwenye misheni ambako jirani yangu Lurdes alilelewa na masista. Alipoolewa akaja nazo hapa Mocímboa, akazipanda kando ya nyumba yake, na mwanangu Chaquir, alipokuwa mdogo, akawa habanduki kwenye wigo. Lurdes akachoka kumfukuza. Akampa mbegu zake mwenyewe na kumfundisha.

Mbegu za papoila ni ndogo kama vumbi la ugoro. Unazichanganya na mchanga mkavu, mvua kubwa zikishaisha na baridi ikianza, unazinyunyiza juu ya udongo na kuzigandamiza kwa ubao. Huzifukii, maana zinataka mwanga. Unachagua upande wa ukuta usiopigwa na jua la mchana. Zikiota unazipunguza, lakini huzihamishi, kwa sababu papoila ukiitoa ilipoota inakufa, hata uipeleke kwenye udongo mzuri namna gani. Ua likishapukutika linabaki tumba, kama kibuyu kidogo chenye kifuniko. Unalitikisa karibu na sikio. Likilia, limekauka, unakata bua kwa mshazari, refu kama kiganja. Chaquir hakukata hata bua moja kwa kunyoosha. Ukimkuta na kisu na papoila ungedhani anatahiri.

Mwaka ule mji ulipochukuliwa na wapiganaji wa porini, alikuwa na miaka kumi na minne. Walimkamata njiani akitoka kuniletea maji. Kuna waliomwona baadaye akiwa na vijana wengine, amebebeshwa gunia, wanasukumwa kuelekea porini. Tangu hapo mtaani kuna mazungumzo ya aina mbili. Mchana wanasema, masikini, alitekwa. Nikiwapa mgongo wanasema, alijiunga. Mimi nilikimbilia Pemba, mji ulio kusini kwetu, na mbegu zake nimezifunga kwenye pindo la kapulana, kitambaa changu cha kujifunga. Huko sikuzipanda, nilikuwa kwenye uwanja wa watu. Tuliporudi zilikuwa zimeshaanza kuzeeka, kwa hiyo mwaka huu nilizimwaga zote, sikubakiza hata chembe. Zikaota chache. Hizo chache nililala nazo, nikaamka nazo. Nilitaka kitu kimoja tu: mwanangu arudi akute papoila zake.

Zamani waliniita Mama Chaquir. Siku hizi wananiita Ancha, au dona Ancha, kwa heshima, wakitaka kunikopa chumvi, maana jina la mwanangu likitajwa watu wanaangalia pembeni. Ni Lurdes peke yake aliyeendelea kuniita Mama Chaquir, na Lurdes ndiye asiyekuwa na sababu ya kufanya hivyo. Mumewe Zacarias aliuawa mwaka ule ule, kwenye machamba yao ya muhogo, na hao hao waliomchukua mwanangu. Hatukuwahi kulizungumza. Tulitaniana, kama ilivyo kati ya watu wa pwani na watu wa juu, yeye akiniita mtu wa maji ya chumvi asiyejua jembe, mimi nikimwambia arudi mlimani na mbuzi wake.

Sasa niseme habari ya ufagio, kwa sababu ufagio ndio ulioniponza. Tangu turudi, mtaa wetu una sheria. Kila nyumba inafagia uwanja jioni, wote, mpaka chini ya wigo. Asubuhi hakuna kugusa ufagio mpaka chefe Cassimo, mkuu wa mtaa, apite na askari kuangalia mchanga. Mgeni akiingia usiku, mchanga unamsema. Nyumba yenye nyayo zisizojulikana inatoa maelezo, na nimeona watu wakipelekwa kutoa maelezo na wasirudi kula chakula cha mchana. Sheria si mbaya. Lakini jaribuni kumweka mwanamke wa pwani, aliyelelewa kwamba ukimaliza sala ya alfajiri unashika ufagio kabla hujaongea na mtu, mwambieni akae atazame majani yaliyoanguka. Mikono inawasha.

Wiki mbili kabla ufagio haujaniponza, askari mmoja kijana kutoka kusini, anayezunguka na chefe, alisimama kwenye wigo wangu akayaona maua.

"Hii papoila," alisema. "Chefe, hii ni droga, ya kulevya. Ndiyo inayopitishwa na mashua kwenye pwani hii."

Chefe Cassimo akakuna kichwa. Mimi nikamwambia askari maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa. Lurdes akaja mbio kutoka kwake, akaeleza kwa Kireno kizuri cha misheni kwamba papoila zina ndugu wengi, kwamba hizi ni za bustani, na kwamba masista wa Bwana wasingepanda droga mbele ya kanisa. Askari hakuridhika. Mwishowe chefe akakata shauri. Matumba yakikauka, Ijumaa, atakuja na askari asubuhi kwenye mzunguko wake, nami niyafungue mbele yao. Wakikuta ni mbegu tu, maneno yamekwisha, mbegu nibaki nazo.

"Está bem, sawa," nikasema. Nilikuwa nimeshinda.

Ijumaa hiyo nilisali, nikatoka nje kukiwa kumeanza kupambazuka. Kichwani nilikuwa na wageni wangu. Nilifikiria wapi nitaweka mkeka, ungo upi nitamwagia mbegu, na namna nitakavyomtazama yule askari. Na wakati nafikiria hayo mkono wangu ulishaokota ufagio. Nikafagia. Nilianzia mlangoni, nikapita jikoni, nikafika nusu ya uwanja, ndipo nikakumbuka sheria. Nikainua macho nijue nimeharibu kiasi gani.

Mbele yangu, kwenye nusu ambayo sijaifagia, kulikuwa na nyayo.

Zilitoka kwenye pengo la wigo upande wa choo, unaopakana na kwa Lurdes, za mtu asiye na viatu, zikaenda moja kwa moja mpaka kwenye tuta la papoila. Hazikwenda dirishani wala jikoni kwenye chakula. Nilizifuata kwa pembeni, nikitembea kwa vidole. Tuta nililimwagilia jioni ile, udongo bado ulikuwa na maji, na mguu mmoja ulikuwa umezama humo vizuri. Mguu wa kulia. Vidole vinne.

Chaquir alipokuwa mtoto alikanyaga gamba la chaza kwenye maji ya kupwa, kidole chake kidogo kikakatika. Chefe Cassimo mwenyewe ndiye aliyembeba begani mpaka hospitali, damu ikimchirizika kwenye kanzu. Mguu ule nilikuwa naujua mimi, na Cassimo anaujua.

Nikatazama maua. Mabua manne au matano, yale yaliyokuwa na matumba makavu zaidi, yalikuwa yamekatwa. Kwa mshazari.

Nilifurahi. Nalisema wazi, nilifurahi kabla sijaogopa, mpaka nikakaa chini. Alikuwa hai. Alisimama hapa, akatikisa matumba karibu na sikio lake, mimi nimelala nyuma ya ukuta huu huu kama gogo. Niliweka kiganja ndani ya unyayo wake. Mguu ulikuwa umekuwa mkubwa, wa mwanaume.

Kisha hofu ikaja. Amekujaje? Ametoroka kwao, au ametumwa aangalie mji? Kama ametoroka, kwa nini hakugonga? Sikujua, na mama yake ndiye mimi. Askari naye hatajua, na hatauliza. Mtu anayeingia mjini usiku kutoka porini haulizwi. Wangefuata nyayo zile mpaka nje ya wigo, wangezifuata kwenye mikoko, na kijana mwenye vidole vinne hawezi kwenda mbali asijulikane.

Nikashika udongo niufukie ule unyayo. Halafu nikaona nusu ya uwanja niliyoifagia, mistari ya ufagio imetulia mchangani, mipya, inang'aa. Nilijilaani. Wangeuliza nini nilichokuwa nafuta alfajiri, siku ambayo najua wanakuja. Ningesema nini? Kwamba nimezoea? Mwanamke ambaye mwanawe yuko porini amesahau sheria kwa bahati mbaya, asubuhi ya ukaguzi?

Nyumba ya tatu kutoka kwangu nikasikia sauti ya chefe. "Bom dia, bom dia, mmeamkaje?"

Upande wa pili wa wigo mbuzi wa Lurdes wakalia. Wanalia kila asubuhi wakidai maganda ya muhogo. Mbuzi hao nimewarushia mawe msimu mzima. Nimemwambia Lurdes mara ngapi sijui kwamba siku mbuzi wake mmoja akitia pua kwenye papoila zangu nitamla na mifupa yake.

Nilipita kwenye pengo. Walikuwa wamefungwa kwenye kigingi, wanne, kwa kamba nzuri. Nikafungua fundo. Nikachota maganda kwenye beseni la Lurdes, nikayamwaga juu ya tuta na uwanjani kote, kwenye niliyofagia na nisiyofagia, nikawaswaga juu ya nyayo zilizopita uwanjani kwa Lurdes mpaka wakaingia kwangu. Mbuzi hahitaji kukaribishwa mara mbili. Waliingia wakikanyagana, wakala maganda, kisha wakageukia maua. Nikasimama nikawatazama wakitafuna kitu nilichokibeba kwenye pindo langu mpaka Pemba na kukirudisha. Yule dume alivuta bua na mizizi yake. Niliuma upande wa mtandio wangu nisipige kelele kabla ya wakati wake.

Nilipogeuka, Lurdes alikuwa amesimama kwenye pengo la wigo na kamba yake mkononi. Sijui alikuwapo tangu lini. Alinitazama mimi, akatazama mbuzi, akafungua mdomo.

Na chefe Cassimo akaingia kwa mlango wa mbele, askari nyuma yake na bunduki.

"Uuuwi!" nikapiga yowe. "Chefe, njoo uone! Njoo uone jinsi nilivyofanywa! Maua yangu! Huyu mwanamke wa mlimani kanimaliza na mbuzi wake!"

Sikuhitaji kuigiza machozi. Yalikuwa tayari. Nikampiga dume kwa ufagio, akaruka, akazunguka uwanja mzima na wenzake nyuma, nami nawafukuza huku na huku mpaka mchanga ukawa umevurugika wote. Chefe akapiga makofi akisema basi, basi, dona Ancha. Watu wakaanza kuchungulia.

"Mbuzi ni wako?" chefe akamwuliza Lurdes.

"Wangu," alisema Lurdes. "Lakini jana jioni niliwafunga mwenyewe. Kamba ni..."

Alikuwa ameshafika kwenye tuta. Nilimwona anavyotazama, na nikajua anatazama nini, kwa sababu mbuzi walikuwa wameacha vipande vya mabua vimesimama, na viwili kati yake vilikuwa na ncha ile ya mshazari, safi. Yeye ndiye aliyemfundisha. Aliinama kidogo. Mkono wake ukashika ukuta.

"Kamba ni nini?" akauliza askari.

Nilimtazama Lurdes, mtani wangu, mjane wa Zacarias. Neno moja lingetosha. Angesema kamba ni nzima, hii hapa, mtu kaifungua. Na haki angekuwa nayo, hakuna Mungu, wa kwao wala wa kwetu, ambaye angemlaumu.

"Kamba ni mbovu," alisema Lurdes. "Nilijua ni mbovu. Kosa ni langu."

Akaikunja kamba ile nzuri mkononi, akaificha kwenye kapulana.

Askari hakuondoka. Alitembea polepole kuzunguka tuta, akigeuza majani kwa ncha ya buti. Akaokota tumba lililopondwa, akalipasua, chembe nyeusi zikamganda kwenye kiganja. Akazinusa, akapangusa mkono kwenye suruali. Halafu akachuchumaa.

"Mbuzi anakata namna hii?" Alikuwa ameshika bua lenye ncha ya mshazari.

Chefe Cassimo akasogea atazame. Mguu wake ulikanyaga pale pale ulipokuwa unyayo. Nikafumba macho.

"Hayo nilikata mimi juzi," ikasema sauti ya Lurdes. "Mbegu zilikuwa zangu kabla hazijawa za huyu. Nilimpelekea mwanangu Virgílio, Pemba. Masista walitufundisha kukata hivyo ili maji ya mvua yasituame. Unataka nikufundishe na wewe?"

Mtu mmoja kwenye wigo akacheka. Askari akatupa bua.

"Na huku mlangoni?" chefe akasema, akionyesha pembe moja ya uwanja ambayo mbuzi hawakuifikia vizuri. "Hapa pana ufagio, dona Ancha. Sheria unaijua."

"Ulitaka nikupokee kwenye mavi ya mbuzi, chefe?" nikamjibu. "Mgeni wangu, na askari wa serikali? Mbuzi walianzia mlangoni, nikafagia. Haya, nifunge. Nifunge kwa kosa la usafi!"

Watu wakacheka tena. Chefe alinitazama muda mrefu. Ni mtu mzima, na si mjinga. Kisha akasema Lurdes atanilipa jogoo, mimi nisiguse ufagio tena asubuhi, na habari ya papoila imekwisha kwa kuwa papoila zenyewe zimekwisha. "Pronto, basi," akasema. Wakatoka. Tuliwasikia wakibisha hodi nyumba inayofuata.

Tulibaki wawili na mbuzi. Lurdes aliokota lile bua alilolitupa askari, akapitisha kidole gumba kwenye ncha yake.

"Hajasahau," alisema.

"Lurdes, mwenzangu, sina la kukwambia. Mungu akulipe..."

"Usinishukuru, Mama Chaquir." Sauti yake ilikuwa kavu. "Hujui nimefanya nini. Hata mimi sijui."

Akakaa kwenye ukingo wa tuta, mahali ambapo papoila zilikuwa. Mbuzi mmoja akamsogelea akimnusa mfukoni, akamsukuma.

"Siku ile ya Zacarias nilikuwa naye machamba," alisema. "Hakuna niliyewahi kumwambia. Walipotokea alinisukuma kwenye muhogo, nikalala kifudifudi, uso kwenye udongo. Walipita karibu yangu kama ulivyo wewe hapo. Wakubwa wenye silaha, na nyuma yao vijana waliobeba magunia. Nyuso sikuziona, niliogopa kuinua kichwa. Niliona miguu."

Akatazama mahali ambapo chefe alikanyaga. Hapakuwa na kitu tena, udongo tu na kwato.

Nilitaka kumwuliza aliona miguu ya namna gani. Swali lilifika mpaka kwenye meno. Nikalimeza, na mpaka leo liko tumboni.

"Akija tena niite," alisema Lurdes akiinuka. "Asile, asioge, usimkumbatie hata. Niite kwanza. Nataka asimame mbele yangu peku, anitazame. Nina neno moja la kumwuliza, na jibu nalitaka kwake, si kwako."

"Na akishakujibu?"

Lurdes alinipa mgongo. Akawakusanya mbuzi wake kwa kuwapigia ulimi, wakatoka mmoja mmoja kwenye pengo. Mimi nilipiga magoti kwenye tuta nikachambua udongo mpaka jua likawa kali, nikitafuta tumba lolote lililopona. Yalikuwa yamepondwa yote, mbegu zimechanganyika na mavi na mchanga. Zilizobaki nzima duniani alikuwa nazo Chaquir mwenyewe, mfukoni au mkononi, popote alipokuwa.

Jioni nilifagia kama sheria inavyotaka. Nilifagia uwanja wote, na tuta pia, kwa kuwa sasa halikuwa na cha kuogopa ufagio. Nilipofika kwenye pengo la wigo nikasikia nyundo upande wa pili. Lurdes alikuwa amehamisha kigingi chake. Mbuzi wake, ambao siku zote hulala karibu na jiko lake, alikuwa anawafunga pale penye pengo, kwa kamba ndefu, mahali hasa ambapo mtu angepita. Uwanja wake wote ulikuwa umefagiwa vizuri, isipokuwa njia hiyo, kutoka mikokoni mpaka kwangu. Humo kwato zingekanyaga usiku kucha, na asubuhi hata Cassimo asingesoma kitu mchangani. Lakini pia mbuzi wale hawanyamazi. Mtu akiwapita wanalia, na Lurdes angeamka kabla yangu.

Alinyoosha mgongo, nyundo mkononi, akaniona ninamtazama.

"Lala salama, Mama Chaquir," alisema.

"Na wewe, Lurdes."

Sijui kama alimfungulia mwanangu njia au alimtegea. Sikumwuliza. Nikaweka ufagio ukutani, nikaingia ndani, na mlango nikauegesha tu bila komeo.